Moshi wa Gredi ya Tano

Katika darasa la Mwalimu Ekuam Ekitela, Hisabati ilikufa kengele ilipolia, na Sayansi ikazaliwa papo hapo, bila matanga wala arobaini. Mwanafunzi aliyethubutu kuuliza jambo la sehemu katika kipindi cha Kiswahili aliambiwa, kwa sauti isiyopanda wala kushuka, kwamba kila mgeni hukaribishwa kwa zamu yake. Vitabu vilifungwa, vingine vikafunguliwa, migongo ikanyooka, na Gredi ya Tano ya shule ile ndogo iliyo pembezoni mwa mji wa Isiolo ikahama kutoka somo hadi somo kama mifugo inayoondolewa kisimani ili kundi jingine linywe.

Ekuam alikuwa mtoto wa bweni. Alipelekwa kwa wamisionari akiwa bado na meno ya utoto, na huko ndiko alikofundishwa kutandika kitanda hadi shuka inyooke kama karatasi, kufunga tai pasipo kioo, na kusema kweli akiwa amesimama. "Ukikosa, simama." Maneno hayo yaliandikwa kwa rangi nyeupe juu ya mlango wa bwalo la shule yao, na Ekuam aliyabeba utu uzima wake wote kama mwingine anavyobeba jina la ukoo. Jua lilipowalazimisha walimu wenzake kufungua vifungo vya mashati, yeye alibaki na tai yake ya kijani, imekazwa kooni.

"Mwalimu, hiyo tai haikunyongi?" Nanok alimwuliza siku moja. Nanok alikuwa kijana wa dawati la nyuma, na mdomo wake haukuwa na kufuli.

"Inanikumbusha kwamba nina shingo, Nanok. Wewe, ni kitu gani hukukumbusha kwamba una kitabu?"

Darasa liliangua kicheko, na Nanok alicheka kuliko wote. Walimwogopa mwalimu wao, lakini walimwogopa kama watu wanavyouogopa mlima: wakijua kwamba kesho watauona mahali pale pale.

Jumatatu moja ya muhula wa pili, kipindi cha Sanaa kilihusu ufumaji, na kila mwanafunzi alikuwa ameagizwa kuleta kitu kilichofumwa kwa mkono. Vikaja vikapu na mikeka. Godana, mtoto wa Kiborana mwenye subira ya ng'ombe, alileta kamba ya kufungia mizigo juu ya ngamia. Nanok alileta kofia ya shangazi yake na kuapa kwamba aliifuma mwenyewe. Wa mwisho kuingia alikuwa Habon, binti mwembamba wa Kisomali, amekumbatia kitu kilichoviringwa kwenye leso kama mtoto mchanga.

Alipoifunua leso, hata Nanok alinyamaza. Ilikuwa dhiil, chombo cha maziwa, kilichofumwa kwa nyuzi za mizizi zikiwa zimebanana hata tone la maji lisipate pa kupenya. Kifuniko chake kilikuwa kama kikombe kilichopinduliwa. Mikanda ya ngozi iliyopambwa kwa kauri ilikizunguka kutoka juu hadi chini.

"Ilifumwa na mama yake Ayeyo," Habon alieleza. Ayeyo alikuwa bibi yake, Bi Shamis, ambaye hakuna mtu wa Isiolo asiyemjua: muuzaji wa maziwa ya ngamia, mwenye malori mawili na ulimi mmoja uliofanya kazi ya malori kumi. "Kila binti wa nyumba yetu akiolewa, dhiil hii ndiyo inapeleka maziwa kwa upande wa bwana harusi. Mzee wao anakunywa wa kwanza. Maziwa yakiwa matamu wanasema nyumba ni nzuri. Jumamosi ni harusi ya shangazi Istar. Ayeyo amesema niirudishe leo jioni, na isiguswe ndani."

Ekuam alikipokea chombo kwa mikono miwili, akakisifu kwa maneno ya haki, akawaonyesha wanafunzi jinsi fundo moja lilivyoshikana na jingine. Kisha akafungua kifuniko.

Ndani mlikuwa mweusi kama tumbo la chungu, na harufu ya moshi ikamjia usoni.

Harufu ile ilimgusa Ekuam mahali palipokuwa pamefungwa tangu zamani. Alijiona tena siku yake ya kwanza bwenini, amesimama kando ya kitanda cha chuma na blanketi lake la nyumbani mkononi, na wavulana wa mjini wameziba pua. "Huyu ananuka moshi! Huyu amelala ndani ya jiko!" Mlezi wa bweni alilitia blanketi lile kwenye karai la sabuni, akalisugua, na mtoto Ekuam akasimama hapo akitazama maji yakiwa meusi, na aibu ikimwingia hadi mifupani. Tangu siku hiyo, moshi kwake ulikuwa kitu cha kuondolewa.

"Habon, chombo hiki hutiwa maziwa?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Ya kunywa watu?"

"Ndiyo, Mwalimu. Lakini hii haioshwi na sabuni. Inapigwa moshi, ndio unaisafisha."

Ubaoni maneno ya kipindi kilichotangulia, cha Kilimo na Lishe, yalikuwa bado hayajafutwa: Chombo cha chakula huoshwa kwa maji moto na sabuni, kisha hukaushwa juani. Ekuam aliyanyooshea kidole.

"Hakuna chombo kisichooshwa," alisema. "Nanok na Akai, kipelekeni bombani. Sabuni ya unga iko kabatini."

Ni watoto wachache mno mle ndani, wawe Waturkana, Waborana au Wasomali, ambao nyumbani kwao hapakuwa na chombo cha namna ile, na wote walijua kwamba hakioshwi hivyo. Lakini walikuwa wamelelewa kuamini kwamba Mwalimu akishasema, amesema. Hata Nanok, ambaye mdomo wake haukuwa na kufuli, siku hiyo alilipata. Wakasugua kwa bidii ya watu wenye hofu, wakatia maji ya moto kutoka jikoni, wakasugua tena, na maji meusi yakatiririka mpaka yakawa meupe.

Chombo kiliporudi darasani, Habon alikuwa ameinamisha kichwa juu ya dawati, mabega yakitikisika bila sauti. Akai akasimama. Huyu alikuwa binti wa maneno machache, mwenye kupenda hesabu kuliko mazungumzo, na hakuwahi kusimama bila kuitwa.

"Mwalimu, naomba kusema."

"Sema, Akai."

"Shangazi yangu aliolewa hapa mjini. Majirani wakamcheka eti chombo chake kichafu, akakiosha na sabuni. Kila maziwa aliyotia yalikuwa na ladha ya sabuni. Sasa kinawekwa mahindi ya kuku."

"Na wewe ulikuwa unalijua hilo ulipokuwa ukisugua?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Kwa nini hukuniambia?"

Akai alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Habon alikuambia, Mwalimu."

Ekuam aliinua dhiil hadi puani. Ilinukia maua ya sabuni, kama shati lililotoka kwa dobi. Wanafunzi walioona uso wake walisema baadaye kwamba ulikuwa kama wa mtu aliyekanyaga mwiba akakataa kupiga kelele.

"Sikilizeni," alisema hatimaye. "Niliyeamuru ni mimi. Asiwepo wa kusema ni Nanok, wala wa kusema ni Akai. Habon, jioni tutakwenda wote kwa bibi yako."

Duka la Bi Shamis lilikuwa limejaa mitungi na akina mama waliongoja maziwa yaliyotoka Kulamawe na kwingineko. Yeye mwenyewe aliketi kwenye kiti cha plastiki kama aliyeketi kwenye enzi, simu mbili mapajani.

"Salaam aleikum, Bi Shamis."

"Aleikum salaam, Maalim! Karibu. Tazameni, Maalim amerudisha mtoto na dhiil yeye mwenyewe. Huyu ni mtu wa heshima. Leteni kiti!"

"Nitasema nikiwa nimesimama."

"Kwa nini? Una jipu?"

Akina mama walicheka. Ekuam hakucheka. Alikaza tai, akanyoosha mikono ubavuni kama alivyofundishwa utotoni, akaeleza yote: alichoambiwa na Habon, alichojibu, alichoamuru. Hakujitetea, wala hakuitaja ile sentensi ya ubaoni. Kicheko kilikuwa kimekwisha kabla hajafika katikati.

Bi Shamis aliichukua dhiil, akafungua, akanusa. Akanusa tena, kwa muda mrefu zaidi.

"Wallahi," alisema polepole, "inanuka kama hoteli."

"Samahani sana, Bi Shamis."

"Wewe ni Mturkana wa wapi? Mama yako hakuwa na chombo?"

"Alikuwa nacho."

"Sasa?"

"Nilikwenda bweni."

Bi Shamis alimtazama kuanzia viatu hadi tai. "Kumbe bweni walikuosha mpaka ndani, kama hii dhiil yangu." Akapiga paja. "Sasa nifanye nini? Jumamosi Mzee Roble anakuja kutoka Garbatulla kumchukulia ndugu yake mke. Unamjua Roble? Yule akionja maziwa anakwambia ngamia alikula mti gani. Nimpe sabuni anywe? Aende aseme kule kwao nyumba ya Shamis inanywesha wageni povu?"

"Je, hakuna namna ya kukirudisha?"

"Sijui. Kweli kabisa, sijui. Mimi sijaona, na mama yangu hakuona. Hakuna mtu kwetu amewahi kufanya wazimu kama huu ndiyo nijue dawa yake."

"Basi niachie hadi Ijumaa," Ekuam alisema. "Gredi ya Tano itakirudisha."

"Gredi ya Tano ndiyo imekiua!"

"Mimi ndiye niliyekiua. Wao wanaweza kunisaidia kukifufua."

Bi Shamis alimrudishia dhiil. Labda ni kwa kuwa mtu yule alikuwa bado amesimama wima kama mlingoti wa bendera. Labda ni kwa kuwa Habon alikuwa amemshika bibi yake mkono na kuuvuta kidogo kidogo. "Sawa," akasema. "Lakini sikia. Mkishindwa, maziwa ya Istar utayabeba wewe mwenyewe kwa jagi ya plastiki, mbele ya watu wote, na hiyo tai yako. Nimesema."

"Umesema," Ekuam alikubali.

Jumanne asubuhi Mwalimu Ekuam aliingia darasani, akashika chaki, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hakuandika jina la somo ubaoni. Aliandika neno moja: Dhiil.

Godana aliinua mkono. "Mwalimu, tutoe vitabu vya nini?"

"Sijui bado."

Mnong'ono ulipita kama upepo kwenye majani makavu. Mwalimu hajui! Nanok alijifanya kuzirai juu ya bega la jirani yake, na jirani akamsukuma.

"Chombo hiki kina sabuni ndani ya nyuzi zake," Ekuam aliendelea. "Tunataka itoke. Swali la kwanza: tutajuaje kwamba imetoka?"

"Tunanusa," alisema Nanok.

"Pua yako na yangu zikibishana, nani ataamua?"

Hapo palikuwa pagumu. Godana ndiye aliyejibu, akiongea polepole kama anayeswaga ng'ombe. "Mimi nikioga mtoni, najua sabuni imeisha povu ikiisha."

"Basi tupime povu!" Akai alikuwa amesimama tena bila kuitwa. "Tutie maji kwenye dhiil, tuyakoroge, tuyamimine kwenye chupa inayoonekana ndani, tutikise, halafu tupime urefu wa povu na rula. Kila mara tunaosha, tunapima. Tunachora grafu. Mstari ukishuka mpaka chini, imetoka."

Ekuam alimtazama binti huyu, ambaye kwa miezi alikuwa akimpa alama nzuri bila kumsikia sauti, na moyo wake ukafurahi furaha ambayo hakuiruhusu kufika usoni.

Maji yalikuwa kikwazo. Bomba la shule lilitoa maji likitaka, na darasa liliruhusiwa mtungi mmoja tu kwa siku. Nanok alipendekeza wayamimine yote kwa mkupuo mmoja na kumaliza kazi. Akai alikwenda ubaoni. Ukimimina yote mara moja, alisema, sabuni inayobaki ni sehemu fulani. Lakini ukiyagawa maji yale yale mara tatu, kila mara unapunguza sehemu ya ile iliyokwisha kupunguzwa. Akaandika theluthi juu ya theluthi, akazidisha, na jibu lilipotoka dogo ajabu, darasa zima likasema "Eee!" kama watu walioona mzinga ukipasuliwa.

"Kumbe sehemu ni za hii!" Nanok alisema. "Mimi nilidhani ni za kutusumbua."

Kengele ikalia. Vichwa vikageuka kwa mwalimu. Kwa desturi, Hisabati ilipaswa kufa hapo. Ekuam alitazama mlango, akatazama mstari wa kwanza wa grafu uliokuwa umeanza kuteremka.

"Endeleeni," akasema.

Povu la kwanza lilikuwa refu kama kidole cha shahada. La pili likapungua, la tatu likapungua zaidi, na kila kipimo kilipotangazwa shangwe ilipigwa hadi Gredi ya Nne wakaja kuchungulia madirishani. Nanok alitaka kumwaga maji ya povu nje.

"Usimwage!" Habon alimrukia. "Sukuma wiki yetu ya bustanini imejaa vidukari, na Mwalimu alitufundisha maji ya sabuni yanawaua."

"Habon, sasa ni Hisabati, si Kilimo," Nanok alimwambia kwa sauti nzito, akijishika koo kana kwamba ana tai.

Darasa likaganda. Ekuam alimtazama Nanok, kisha akafanya jambo ambalo halikuwahi kuonekana: akacheka. Alicheka kwa sauti, kicheko kikavu cha mtu asiyekizoea, na watoto wakakipokea wakakikuza mpaka kikafika ofisini. Vidukari walinyunyiziwa maji siku ile ile.

Jumatano furaha ilipungua. Mstari wa grafu uliteremka hadi karibu na chini kisha ukagoma. Waliosha, wakapima, na upapi mwembamba wa povu ukabaki pale pale kama mgeni asiyejua kuaga. Ekuam alikaa mezani kwake wakati wa mapumziko, akaliona lile jagi la plastiki akilini, na watu wa Garbatulla wakilitazama.

"Mwalimu," Godana alisema waliporudi, "sabuni inashika mafuta, si ndiyo? Ulisema kwa Sayansi. Ndiyo maana inatoa mafuta kwa sahani."

"Ndivyo."

"Sasa hii iliyobaki imejificha ndani ya nyuzi. Si tuipe mafuta ya kushika, itoke nayo?"

"Maziwa!" Habon alipiga kelele. "Maziwa yana mafuta! Ayeyo ana yaliyoganda ya mbuzi, yale hayauziki."

Alitumwa mbio, akarudi na mtungi pamoja na salamu: Ayeyo anauliza kama jagi imeshanunuliwa. Waliyatia maziwa mgando ndani, wakayazungusha kwa zamu, wakayaacha yalale mle hadi mchana, wakayamwaga, wakasuuza, wakapima. Akai aliinua chupa juu ya mwanga. Maji yalitikisika, yakatulia. Juu yake hapakuwa na kitu.

Hakuna aliyengoja ruhusa ya kushangilia.

Walibishana kuhusu kukausha. Ubaoni palikuwa bado na ile sentensi ya Jumatatu, "kisha hukaushwa juani," na Habon akasema kwamba jua litapasua nyuzi, chombo hukaushwa kivulini penye upepo. Ekuam alichukua kifutio. Hakuifuta sentensi, aliongeza maneno chini yake: Lakini kwanza uliza chombo kimetengenezwa kwa kitu gani. Kisha akawaambia wanakili, na mwandiko uwe mzuri.

Alhamisi ilikuwa ya moshi, na moshi nusura uwapiganishe. Godana alileta vijiti vya mti ambao kwao huitwa ejersa, akaapa kwamba hakuna mti mwingine duniani. Habon alileta vijiti vya kwao, akauita wagar, akaapa vivyo hivyo. Nanok alisema Waturkana wana mti wao na hao wengine wanakohoa bure. Kelele zikapanda, kila mmoja akimtaja bibi yake kama shahidi mahakamani. Ekuam aliwaamuru waweke vijiti mezani, wavimenye maganda, wavinuse, walinganishe majani. Ikabainika kwamba kile cha Godana na kile cha Habon vilikuwa mti mmoja, mzeituni wa porini, ule ule.

"Kwa hiyo bibi yako na bibi yangu..." Godana alianza.

"Wananunua kuni kwa mtu mmoja," Habon alimalizia, na wakacheka mpaka wakashikana.

"Sisi wetu ni tofauti," Nanok alisema kwa fahari.

"Tutautumia siku utakapooa," Ekuam alimwambia, na Nanok akaficha uso kwenye kofia ya shangazi yake.

Habon ndiye aliyeongoza. Ncha za vijiti ziliwashwa jikoni hadi zikawa makaa, zikatiwa ndani ya dhiil, kifuniko kikawekwa, chombo kikatikiswa, kikafunguliwa, kikatikiswa tena. Wasichana wakaanza wimbo wa kwao wa kazi, mmoja akaongoza na wengine wakaitikia. Walioujua waliimba, wasioujua walipiga makofi. Moshi wa buluu ukapanda polepole, ukazunguka darasa.

"Mwalimu, shika kidogo, mkono wangu umechoka," Habon alisema.

Ekuam alikipokea chombo. Moshi ukamjia usoni kama siku ya Jumatatu, lakini safari hii hakugeuza uso. Alimwona mwanamke ameketi mlangoni pa manyatta, chombo mapajani, akikitikisa hivi hivi, taratibu, na mtoto mdogo amelala kwenye blanketi kando yake, salama ndani ya harufu ile kama ndani ya nyumba.

"Mama yangu aliitwa Apua," aliwaambia wanafunzi. "Alikuwa akifanya hivi." Akaendelea kutikisa, na wao, kwa adabu waliyofundishwa na yeye mwenyewe, hawakuuliza.

Ijumaa ilikuwa ya hukumu. Maziwa yalikuwa yamelala ndani ya dhiil usiku kucha. Bi Shamis alituma mengine, ya ngamia yule yule, yaliyolala kwenye chombo chake kingine ambacho hakijawahi kuonja sabuni. Akai alisema mwonjaji asijue anaonja yapi, maana macho hudanganya ulimi. Nanok alijitolea kabla sentensi haijaisha. Kitambaa cha kumfunga macho kikatafutwa, kisipatikane.

Ekuam alipeleka mkono kooni, akaifungua tai yake ya kijani, akamfunga nayo Nanok machoni kwa fundo lisilo na kasoro.

Nanok alionja kikombe cha kwanza. Akaonja cha pili. Akakunja uso kama kadhi. Akarudia cha kwanza, akarudia cha pili.

"Basi?" Darasa liliuliza kwa pamoja.

"Bado sijahakikisha," akasema, akanywa tena.

"Nanok!"

"Sioni tofauti! Walahi sioni! Yote ni matamu! Niongezeni!"

Jumamosi Gredi ya Tano ilialikwa harusini, na ilikwenda kwa sare, mistari imenyooka, nywele zimechanwa. Mbele yao alitembea Mwalimu Ekuam na tai yake, ambayo sasa ilinukia mzeituni wa porini na hakuwa ameifua. Mkononi alibeba jagi jipya la plastiki, jekundu, kwa kuwa aliahidi na ahadi ni ahadi.

"Umeleta kweli!" Bi Shamis alisema alipoliona.

"Ulisema."

Mzee Roble wa Garbatulla aliketi katikati ya wazee wenzake, ndevu zimepakwa hina, macho makali. Bi Shamis alimkabidhi dhiil kwa mikono miwili. Mzee alifungua kifuniko, akanusa, akamimina maziwa kwenye kile kifuniko, akanywa. Akakaa nayo mdomoni. Vigelegele vilikuwa tayari vimesimama kwenye koo za akina mama. Ekuam aliona mkono wa Habon ukimtafuta Akai, na wa Akai ukimtafuta Godana.

Mzee alimeza. Akamimina tena, akanywa. Akamimina mara ya tatu, na jirani yake aliyekuwa amenyoosha mkono akaurudisha mtupu.

"Chombo hiki kina kosa moja," Mzee Roble alisema.

Bi Shamis alimtazama Ekuam. Ekuam alisimama wima, jagi ubavuni, tayari.

"Ni kidogo," alisema mzee. "Mmeleta kidogo. Mimi peke yangu ningemaliza."

Vigelegele vikapasuka hadi kuku wakakimbia. Shangazi Istar alicheka nyuma ya mtandio wake, na Nanok akaruka kama aliyefunga bao.

"Nani alipiga moshi hii dhiil?" Mzee Roble aliuliza kelele zilipotulia. "Ni mkono wa mama mkubwa huu. Niitieni nimbariki."

Bi Shamis alinyoosha kidole kuelekea ile mistari ya sare. "Hao. Gredi ya Tano."

Mzee aliwatazama watoto, akamtazama Bi Shamis, akawatazama watoto tena, akaona kwamba hafanyi mzaha. "Hawa? Na wamefundishwa katika somo gani?"

Watoto walimgeukia mwalimu wao. Ekuam alifungua mdomo ili atoe jibu lenye mpangilio, lakini Nanok alikuwa amemtangulia.

"Yote, mzee!"

Mzee Roble alinyanyua mikono, akawaombea dua watoto wote, Waislamu kwa Wakristo, nao wakaitikia "Amin" kwa sauti moja iliyonyooka kama migongo yao. Kisha Bi Shamis alimpokonya Ekuam lile jagi jekundu, akalipeleka kwenye mitungi, akalirudisha limejaa maziwa hadi ukingoni.

"Haya, Maalim," alisema. "Lipeleke kwa watoto wako mbele ya watu wote, na hiyo tai yako, kama nilivyosema."

Ekuam Ekitela alilishika jagi kwa mikono miwili, akapita katikati ya wageni akiwa amenyooka, akaanza kuwamiminia wanafunzi wake mmoja baada ya mwingine. Nanok alikuwa wa kwanza kwenye mstari. Na alipopatikana tena mwishoni mwa mstari, kikombe mkononi na uso wa mtu ambaye hajawahi kuonja maziwa maishani, mwalimu wake alimtazama kwa muda, akammiminia.